Kioo cha Meno

Mwezi wa sita, Westerstede. Mvua imekatika,
na rododendroni ya mama imenishika mkono
kama mtoto aliyetoka kula jamu.
Jani linanata. La pili linanata. La tatu
limevaa masizi, jeusi kama sufuria ya kuni,
nalo juzi lilikuwa kijani cha kung'aa.

Nilijua wa kulaumu.
Mlinde wa Tjark Behrends umevuka ua,
umelaza tawi juu ya kichaka changu bila hodi,
na hapa kwetu nani asiyejua
kuwa mlinde ukishikwa na vidukari hudondosha utamu
juu ya magari, juu ya nguo zilizoanikwa?
Niliandika barua. Mistari sita, bila salamu, bila tafadhali.
Nikaitia kwenye sanduku lake kabla ya kahawa.

Baada ya kahawa nikaketi kwenye benchi.
Benchi liko chini ya tawi lilelile.
Nikainuka, na sketi yangu ya kitani
ikainuka nami pasipo ubishi.
Nikapapasa ubao: safi, hata ulimi usingeonja kitu.
Mvua gani hii inayochagua wa kumlowesha?

Miaka thelathini na mmoja nilishika taa
daktari Oltmanns aking'oa meno ya Ammerland nzima,
na nilichoondoka nacho ni hiki:
mgonjwa huonyesha panapouma,
jino bovu liko kwingine.
Nikaleta kioo changu kidogo, kile chenye shingo ndefu,
nikaliambia jani la juu, haya, fumbua.

Wapo.
Upande wa chini, kando ya mshipa mkuu,
vigamba bapa vya rangi ya chai, kichwa hakionekani,
miguu haionekani, ungedhani ni makovu,
ila kila kimoja kinaburuta utepe wa pamba
na ndani ya pamba, mayai.
Vidugamba. Wanafyonza ghorofa ya juu, wanatema sukari,
jani la chini linapokea, ukungu unafika kula,
ndiyo masizi.
Na shinani foleni imepanda na makopo yake.
Panapo tamu pana chungu,
wa miguu sita, na ule wa moyoni.

Maua yalikwisha pukutika, nyuki wameaga;
basi nikakata matawi mawili yaliyozidiwa,
nikayafunga kwenye mfuko, si kwenye lundo la mbolea.
Sabuni laini, kijiko kikubwa kwa lita ya maji vuguvugu,
mswaki wa mtoto, na kivuli cha alasiri
ili jua lisiunguze povu juu ya jani.
Nitarudia mwezi wa saba, watoto wao watakapoanguliwa,
punje za chumvi zinazotembea,
kabla hawajajishonea gamba.
Nusura nikisugue na kile kichaka kidogo cha langoni!
Chenyewe machipukizi yake hunata tangu yachomoze,
ni tabia, si maradhi. Nikakiacha na gundi yake.

Masizi hayatoki yote. Nililijua hilo pia.
Majani mengine yatabaki na weusi wao
mpaka mapya yawasitiri mwakani.

Nilikuwa jani la arobaini hivi
niliposikia msumeno.

Tjark juu ya ngazi, miaka sabini na minne,
barua yangu imekunjwa mara nne katika mfuko wa shati.
Tawi likaanguka upande wake, taratibu,
na jua likaingia kwenye benchi langu
mahali ambapo halijawahi kuingia.
"Tayari, Wiebke," akasema, akifuta paji la uso.
"Niwie radhi kwa usumbufu."

Mswaki mkononi, povu likinitiririka hadi kiwikoni,
nikafumbua kinywa.
Kioo kilikuwa mfukoni.