Mizani ya Uwanja wa Arua

Baba yangu, Murjan Fadul, hakuwahi kupanda ndege.
Alipima waliopanda.
Mfuko kwanza, halafu mwenye mfuko,
viatu vivuliwe, samahani, usipumue sana,
na sindano ikitetemeka akaiambia, tulia,
kama anayemsemesha mtoto wa shule.

Majina ya mashirika yalibadilika, mizani haikubadilika.
Kulikuwa na ndege ya nchi tatu,
ya injini mbili, mkia chini kama kuku anayeatamia.
Ikitua kwenye udongo mwekundu, vumbi lilifika sokoni
na wauza samaki wakafunika angara kwa leso.
Nchi tatu zikagombana, kila moja ikaondoka na bawa lake.
Ikaja ya jeshi, ambayo haikuuza tiketi.
Ikaja ya wamisionari, viti vitano,
rubani akisali kwa sauti kabla ya kuwasha injini,
jambo ambalo halikumtuliza mtu.
Kisha, miaka ile barabara ya Karuma ilipokuwa haipitiki,
kampuni ya Kampala yenye korongo mkiani,
mara mbili kwa siku, na watu kwenye nyasi tangu alfajiri.

Baba aliwaandika wote. Vitabu kumi na kimoja, mistari ya buluu.
*Candiru, muuza vitenge, tisini na nne:
amevaa saba ili mzigo upungue. Nimemwacha.*
*Adriko, karani wa tumbaku, sitini na moja.*
*Mwanafunzi Ezaru, arobaini na tatu, pamoja na godoro.*
*Asali, madebe mawili. Moja linavuja.*

Lakini upo ukurasa wa mwaka wa sabini na tisa
ambamo kila mtu ana kilo hamsini.
Padri, hamsini.
Mjane wa Ediofe na wanawe, hamsini kwa jumla.
Mwanamume mwenye cherehani mgongoni, hamsini.
Mwandiko umelala upande, kama wa mtu aliyeandika akitembea.
Nilimuuliza. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.
Rubani aliniuliza, inatosha? Nikasema, inatosha.
Akatupa jiwe moja, akatupa jingine.
Ile mikalitusi ya mwisho wa uwanja,
mmoja mpaka leo hauna kichwa.

Sasa lami imefika hadi Kampala.
Basi la usiku linaondoka saa mbili,
na nauli yake hainunui hata mkanda wa kiti cha ndege.
Dirisha la tiketi linauza muda wa maongezi na mayai ya kuchemsha.
Korongo aliondoka Jumanne moja bila kuaga;
tulijua kwa sababu mlinzi aliacha kufukuza mbuzi.

Katika kitabu cha mwisho siku tupu zinafuatana.
Baba aliendelea kuandika tarehe.
Pembeni, kwa penseli, Idi pili:

*Ndege haikuja leo, anga halina habari,
Nimeupima upeo, kilo zake ni sifuri,
Mbuzi wamepanda cheo, ndio wao wasafiri,
Nami sina tegemeo, ila kusubiri.*

Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena.
Mstari wa nne umepungua mizani mbili.
Yeye, aliyemrudisha bwana harusi kwa kilo moja na nusu!

Walipouza vyombo vya ofisi
niliinunua mizani yake kwa bei ya chuma chakavu.
Ipo dukani kwangu, napimia unga wa muhogo.
Wateja husema ina kasoro, nao hawakosei:
hata isipobeba kitu sindano hairudi sifuri,
inakaa kwenye mbili.
Fundi kutoka Oli alitaka elfu tano airekebishe.
Nikamwambia, ngoja kwanza.
Kila mteja namwongezea kilo mbili.