Punje

Ondiek wa Kamukunji alinijia Jumatatu
na wavu wa tanuri la mikate, kaufunga kwa gazeti.
Alipoufungua, nusu ilibaki karatasini:
magamba meusi yakibanduka
kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni.

"Aloi ileile, Nyaboke. Duka lilelile la Viwandani.
Wa kwanza ulikaa miaka minne, huu miezi saba.
Nani kanipunja?"

Alikuwa na kipande cha ule wa kwanza, hakijawahi kuona moto.
Nikavikata vyote, nikavipiga msasa, nikavichovya asidini,
nikainamia hadubini.

Hukupunjwa, Ondiek. Ni punje.
Kromi ni ileile kwa asilimia.
Lakini chuma chako cha zamani ni Mathare:
punje zimebanana, vichochoro kila hatua,
na kromi hupenya humo mbio,
ikafika usoni mapema,
ikatandaza utando mwembamba, ikafunga mlango.
Hiki kipya ni Karen:
ua baada ya ua, njia moja, tena mbali.
Kromi ingali inatafuta lango,
chuma na oksijeni vimeshakutana nje
vimeshajenga kutu ya ghorofa.

Hakuamini.
Nikaviweka tanurini pamoja, nyuzi mia tisa.
Siku ya tatu, saa mbili usiku, stima ikapotea,
tanuri likaanza kupoa gizani.
Tulikaa na tochi ya simu,
chai imepoa nayo,
tukasikia: tik.
Kimya.
Tik, tik.
Kipande kimoja kilikuwa kinajivua ngozi.
Kingine hakikusema neno.

Asubuhi nikapima. Mizani yangu haina vina,
ina desimali nne tu,
na hiyo ya nne hutetemeka lori likipita.
Ilitosha.

"Basi natafuta punje ndogo," akasema, kofia mkononi tayari.

Ngoja. Chenye vichochoro vingi
kikibebeshwa mzigo motoni hulegea;
punje huteleza, wavu ukabonyea katikati
polepole, bila kelele.
Tena moto wenyewe hula mipaka,
hunenepesha punje mwaka hadi mwaka.
Hata Mathare, ikikaa motoni, huota nyua.

"Sasa ninunue kipi?"

Unapanga mikate mingapi juu yake?

Akahesabu kwa vidole.
Kidole cha tatu hakina kucha,
chuma cha moto, mwaka juzi.
Alipokifikia akasita,
akaanza upya.