Koti la Mifuko Kumi na Saba

Kampuni yenyewe ilijiita Tiara,
na mume wangu Wamono akacheka hadi chai ikamtokea puani:
"Tiara ni karatasi na uzi, Nambozo.
Mtoto akiitwa kula, huachilia."

Nilikuwa nimeshalipa.
Miaka minne ya sare za shule,
ya kubadili zipu za wanaume wanaokana kwamba wamenenepa,
pale barazani, mbele ya duka la rangi, barabara ya Naboa,
mguu juu ya cherehani,
ili nami niende hiyo inayoitwa likizo,
neno la walimu.
Nilichagua Bahari Nyeusi.
Nilitaka kuona kama ni nyeusi kweli.

Bei ilikuwa nusu ya bei za wengine.
Nusu ya pili niliikuta baadaye imejificha
katika herufi ndogo kama mayai ya chawa:
maji, unalipa; dirisha, unalipa;
begi likizidi kilo saba
unalilipia kama mtu mzima mwenye ukoo.

Saba! Nikapima kwa mizani ya kahawa ya Khaukha.
Kumi na moja na nusu.
Khaukha akasema toa Biblia.
Nikasema toa ulimi wako.

Kisha usiku likanijia:
mizani hupima begi, haimpimi mtu.
Nikatandaza kitambaa, nikakata koti
la mifuko kumi na saba, mingine ndani ya mingine:
malewa makavu kifuani, karanga za kusaga kiunoni,
soksi kwapani, Biblia mgongoni.
Mkasi niliuacha nyumbani
na mkono ukawa kama fizi iliyong'olewa jino.

Entebbe, saa nane za usiku, joto la ziwa.
Kijana wa mizani akaniangalia:
"Mama, na hilo koti?"
"Baridi," nikasema, jasho likiingia machoni.
Akautazama mshono wa bega, akautazama sana,
kama mtu aliyelelewa chini ya cherehani.
"Pita."

Ndani, viti vilisimama wima kama wanakwaya.
Juu ya mlango palibaki kivuli cha jina lililobanduliwa:
ndege ya mitumba,
kama fulana yenye jina la shule ya watu.
Sikuogopa. Mitumba naijua.
Kinachopasuka ni uzi, si kitambaa.

Jirani yangu alikuwa msichana wa Soroti, Apolot,
blauzi nyepesi, bahasha ya plastiki mapajani.
"Unakwenda kutembea?" nikauliza, kwa raha zangu.
"Kazini. Miaka miwili."
Tiketi yake ilikuwa ya kwenda tu.

Blanketi lilikuwa dola tano.
Nikalivua koti, tukajifunika wote wawili,
tukala karanga kwa kidole, gizani, kama wezi.
Alilala kabla yangu, mdomo wazi,
umri wa wale ninaowapunguzia sketi.

Alfajiri, mji wa jangwani. Yeye alishuka kwa mlango wa mbele,
mimi nikaelekezwa kwingine, kubadili ndege.
Koti alikuwa amelikunja vizuri,
mikono ndani, kama linavyokunjwa dukani.

Bahari Nyeusi si nyeusi.
Ina rangi ya bitana la bei rahisi, kijivu kinachoficha kijani,
na ufuko wake ni mawe, unakaa ukiwa umeumia.
Nilikaa. Nilifurahi, sisemi uongo.
Nilikula samaki asiye na jina kinywani mwangu.
Kisha nikatafuta malewa mfuko wa tisa
na vidole vikagusa karatasi:
namba ya simu, na kwa kalamu iliyokuwa ikiisha wino,
*Ukirudi mwambie mama nimefika.*

Nilikuwa nimelipia siku saba.
Hiyo ilikuwa ya pili.
Nikauliza bei ya kupiga simu Uganda, wakanitajia.
Nikapiga.
Ikaita, ikaita, ikakatika.

Kutoka Mbale hadi Soroti ni basi moja tu.
Koti nitalivaa.