Hali Ibaki Ilivyo

Jumanne, saa tano, Mahakama Kuu ya Mbale.
Karatasi mbili zenye muhuri mwekundu
zikanifika mkononi kabla chai haijapoa.
Zuio la muda, siku thelathini:
msimbo usiguswe, usifutwe, usiongezwe hata nukta,
si na mimi niliyeuandika,
si na Wepukhulu anayedai ni wake.
Hali ibaki ilivyo.

Nami naijua hali ilivyo.

Mstari wa mia nne na kumi na mbili
niliuandika usiku, umeme ukikatika na kurudi.
Palipotakiwa kukadiria, nikakata.
Kilo ishirini na gramu mia tisa,
programu inasoma ishirini, basi.
Kosa hilo nililigundua Ijumaa.
Nilikusudia kulirekebisha Jumanne.

"Ukigusa," akasema wakili Mutenyo,
akifuta miwani kwa ncha ya tai,
"utakuwa umeidharau mahakama.
Tena usiwe mjinga, sikiliza:
mstari huohuo, na kosa lake lilelile,
umo ndani ya programu ya Wepukhulu.
Mwizi wa mahindi gizani haoni bua lenye funza.
Kosa lako ndilo shahidi wako.
Lilee."

Nikalilea.

Budadiri, kituo cha kahawa, asubuhi,
mlima umejitanda wingu hadi kiunoni.
Mama yangu, Khainza, anatua gunia.
Mizani inaonyesha thelathini na moja, nukta nane.
Skrini inasema thelathini na moja.
Karani anaiamini skrini.
Mama anamwamini karani.
Na skrini, mama anajua, ni kazi ya mwanawe.

Jaji alisema (kwa upole, sina neno naye)
kwamba amepima usumbufu wa pande mbili
na mizani imeegemea kwenye subira.
Pande mbili.
Nikageuka kutazama viti vya nyuma:
vitupu, ila askari mmoja anayesinzia.
Wakulima mia sita walikuwa shambani, wanachuma.

Kisha gharama.
Wepukhulu aliomba niweke dhamana, milioni kumi na nne,
nisije nikashindwa nikakosa cha kulipa.
Pikipiki ikaenda. Mtamba wa ng'ombe akaenda,
na mimba yake ya miezi mitano.
Ikaja ada ya maombi, zikaja nakala za viapo,
akaja mtaalamu kutoka Kampala, hoteli siku mbili,
akaisoma mistari yangu kwa sauti ya chini
kama mtu anayesoma barua za marehemu.
"Gharama," akasema Jaji, "zitafuata matokeo."
Kumbe gharama zina miguu!
Zinaijua njia, zinamfuata aliyeshindwa
hadi mlangoni, hadi zizini.
Gramu mia nane za mama hazina miguu.
Siku ya kuhakiki gharama msajili ataomba risiti,
na risiti ya kisichopimwa
inaandikwa na nani?

Siku ya ishirini na tisa zuio likaongezwa.
Jaji alikuwa safarini. Likaongezwa tena.

Usiku huu nimefungua kompyuta, nasoma tu,
kusoma hakukukatazwa.
Kishale kinapepesa pale kwenye mia nne na kumi na mbili.
Ni neno moja la kubadili,
herufi tano kwa herufi tano,
dogo kuliko jina la mama.
Nimeikalia mikono yangu miwili.

Nikishinda, nitalipwa: wakili, hoteli, mihuri.
Nikishindwa, nitalipa hayohayo.
Hata mistari hii nimeiacha bila mizani,
nimechoka kupima.

Lakini zuio halikutaja penseli.
Nimenunua daftari la shule, kurasa tisini na sita,
na kila jioni napiga simu Budadiri,
namwuliza mama mshale ulisimama wapi
kabla karani hajatazama skrini.
Anacheka. "Wewe na kesi yako!"
Halafu ananitajia, na majirani zake wananitajia,
nami naandika polepole, bila kukata:

Khainza, tarehe kumi na tisa, gramu mia nane.