Nyusi za Mama

Mwaka ule, kichochoroni kwetu, Daegu,
wanawake saba walijipanga jikoni kwa Bi. Chae,
msugua migongo wa bafu la umma,
aliyenunua kwa mkopo sindano moja na kichupa cha wino.
Waliingia kila mmoja na nyusi alizozaliwa nazo.
Walitoka saba, uso mmoja,
kama watu walioambiwa jambo wasiloliamini.
Mama alikuwa wa tano.
Nilikuwa na miaka sita; nilimkimbia
mpaka aliponiita kwa jina.

Hakuna aliyeziita tatuu.
Ziliitwa nyusi.
Tatuu zilikuwa za wahuni, wapindua meza sokoni,
wenye joka mgongoni na kidole kisicho na ncha.

Miaka ishirini na miwili baadaye nilirudi sikukuu ya mavuno
na tawi la mkomamanga chini ya kiwiko,
tunda moja, limepasuka.
Si kubwa. Kiganja kingeliziba.
Mama alikuwa akikata vichwa vya dagaa kwa vidole,
vichwa huku, viwiliwili kule,
akauona mkono wangu ukipokea bakuli.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
“Ngozi hiyo niliitengeneza mimi,” alisema,
“miezi tisa, bila doa.”
Akarudi kwenye vichwa.
Nikazitazama nyusi zake, zilizokwisha kugeuka
kijani cha shaba iliyonyeshewa,
na habari za nyani na kundule
nikazimeza pamoja na mchuzi.

Miaka minne tulisemezana kupitia kwa baba.
Mwambie supu iko mezani.
Mwambie nimeshiba.

Nilipanga chumba juu ya duka la miwani,
ghorofa ya tatu, mlango usio na kibao.
Sheria ilisema sindano ni ya daktari.
Wateja waligonga mara mbili, wakanyamaza, wakagonga tena.
Alikuja mwalimu wa hesabu, akataka jina la mbwa wake
upande wa ndani wa mdomo.
Alikuja kijana wa zimamoto, nimfunikie kovu la moto
kwa moto mdogo zaidi.
Alikuja polisi. Nikajua nimekwisha.
Akavua koti, akauliza bei.

Kisha usiku mmoja wa Novemba
mlango ukagongwa mara moja tu, kwa ngumi, kama wa mdaiwa.
Mama. Kofia imeshuka hadi puani.
“Bi. Chae amekufa,” alisema.
“Tulisimama mstarini sisi sita, nyusi sita za kijani,
mjukuu wake akatuangalia, akacheka.
Mbele ya jeneza. Akacheka.”
Akaketi bila kukaribishwa.
“Rekebisha.”

Sikuwahi kuugusa uso wa mama.
Yeye ndiye aliyeugusa wangu:
homa, makamasi, kofi moja.
Niliupaka ganzi, nikavuta ngozi kwa vidole viwili;
ilikuja nyingi, laini,
kama shuka iliyofuliwa miaka na miaka.
Chini ya kijani nikauona mkono wa Bi. Chae,
pale aliposita, pale alipokazia,
pale ambapo labda mama alitikisika.
Sikuufuta wote. Niliufuata,
unywele baada ya unywele.

“Huuma hivi kila mara?”
“Mbavuni zaidi.”
“Unayo hata mbavuni?”
Mashine ilikuwa ikinguruma. Sikusikia.

Nilimpa kioo.
Akajaribu kukasirika. Akajaribu kushangaa.
Uso ukatii.

Juu ya kiti aliacha mfuko wa dagaa, kilo mbili,
daraja la kwanza, vichwa vimekwisha kutolewa.
Mlangoni akageuka:
“Jumamosi harusi ya binamu yako. Vaa mikono mirefu.”
Akashuka vidato vitatu, akasimama gizani.
“Kama kutakuwa na baridi.”