Somo la Kwanza, Muyuni

Nilikuja na hamu ya mlio.
Shangazi Mize akanipa ufagio.

"Fagia. Kisha toa redio,
toa koroboi, toa na huo ulimi wako.
Baruti haipendi soga."

Juma zima sikugusa ganda.
Nilipima mchele kwa mizani ya sonara,
chembe kwa chembe, hadi machozi yakanitoka,
naye anamwaga: "Umezidisha. Anza."

Nje, nguruwe mwitu
wanatufukulia muhogo kana kwamba wana hati ya shamba.

Siku ya nane akafungua kibati.
Kimoja tu mezani; vingine kabatini,
ufunguo shingoni mwake.
Mumewe, Vuai, akaita mlangoni: "Mmefika wapi?"
Hatukumjibu.
Mkono wangu ulikuwa hewani, umebeba kipimo.

Akakaa kizingitini, akasubiri,
mkono wa kulia wenye vidole vitatu
juu ya goti.
Siku ile, yeye alikuwa akisikiliza mpira.

Nikamimina. Nikatazama. Nikatazama tena.
Ganda moja.
Shangazi akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha,
akalitia koponi, akaandika tarehe.

"Haya. Kanawe mikono vizuri, ndipo ule."