Kilichobaki Kwenye Bakuli

Februari, Pasua. Bati linalia lenyewe, ta, ta,
na mlima umejifunika tangu saa tatu
kama mtu anayekwepa mgeni.
Leo siwashi mkaa.
Leo gesi itafanya kazi ya dakika kumi,
maji yachemke, makaroni yaive, basi,
nizime kabla jasho halijafika kwenye nyusi.

Makaroni mafupi, yale yaliyojipinda kama skrubu.
Nayaepua yakiwa bado yana ubishi kidogo,
nayamwagia maji ya mtungini mpaka yanyamaze.
Shemeji Elinami amesimama mlangoni na gazeti la juzi.
"Makaroni yaliyoiva unayaosha kama soksi?"
Nayaosha, shemeji. Kaa hapo penye upepo.

Nyanya tano za Mbuyuni, ngumu,
tango na ganda lake, hoho,
kitunguu nimekifikicha kwa chumvi kimetoa machozi yake
ili sisi tusitoe yetu.
Mpaka hapa ni kachumbari, kila mtu anaijua,
ile ya pembeni ya nyama, isiyoulizwa jina.
Leo kachumbari inaolewa.
Mahari yake: zeituni kumi na nne za kichupa
(kwa bei ile lazima uhesabu),
mafuta ya kijani, ndimu mbili,
na jibini nyeupe ambayo haijawahi kuiona Ugiriki:
ni mtindi nilioutundika jana usiku juu ya sinki
ndani ya kipande cha kanga kuukuu,
maneno yamefutika yote, limebaki SUBIRI,
tone, tone, mpaka asubuhi.

Hakuna aliyenifundisha kwa mdomo.
Mama yangu Ndeanaeli aliosha vyombo miaka kumi na mmoja
kwa Bibi Despina, shamba la mkonge, kule tambarare.
Hakupika. Mpishi alikuwepo, mwanamume mwenye aproni,
na mlango ulifungwa wakati wa kuchanganya.
Mama alilipata bakuli likirudi.
Akalisoma kwa kidole:
mafuta, maji ya nyanya, chembe nyeupe yenye chumvi,
jani kavu linalonuka kama nyasi za mlimani baada ya moto,
kokwa.
Akakipika chakula kichwani, kuanzia mwisho,
kama anayefuata nyayo mpaka mlango zilikotokea.

Kokwa moja aliificha kwenye pindo la kanga
akaipanda nyuma ya zizi.
Aliimwagilia viangazi viwili. Haikuota.
"Labda ilitaka bahari," anasema hadi leo,
"au ilitaka niombe ruhusa."

Lile jani sasa ninalo. Linaota kwenye kopo la rangi dirishani,
mche nilipewa na Sista Honorata, hakunitajia jina.
Oregano, anasema binti yangu, kwa sauti ya shule.

Nachanganya kwa mikono. Mwiko unavunja.
Kisha ni kungoja, saa nzima, ndani ya friji,
kama umeme upo.
Umeme haupo.
Nimeliweka bakuli kwenye beseni la maji,
nimelifunika taulo lililolowa, nyuma ya mlango,
kama mtoto mwenye homa.

Saa nane tunakula. Elinami anatafuta mvuke.
"Na cha moto kiko wapi?"
Anakula lakini. Sahani ya pili, anasema, ni ya kuhakikisha.
Ya tatu hasemi kitu.
Binti yangu Wiande anatemea kokwa kiganjani,
anazipanga ukingoni mwa sahani, anatafuta ya kumi na nne.

Mama ana miaka themanini na mitatu na meno manne.
Makaroni kayakataa. Zeituni kazikataa.
"Mkimaliza," anasema, "nipeni bakuli."
Mama, leo kipo kingi, nikupakulie.
Anatikisa kichwa.

Tunampa. Analipakata,
anapitisha kidole pembeni, taratibu, analamba,
anafumba macho kama mwalimu aliyechoka kusahihisha.
"Ndimu imezidi," anasema.
"Despina aliweka moja na nusu."